Safu ya Tatu Haina Nyuso: Je, Tunazihitaji Lenzi za f/1.2?

Picha ya kamati ya harusi huwa na safu tatu. Mbele wanakaa maharusi, wasimamizi wao, mwenyekiti wa kamati na mkewe. Nyuma yao wanasimama katibu, mhazini na wale waliobeba michango mikubwa. Safu ya tatu inapanda juu ya viti, ikishikana mabega isianguke. Watu hawa wamekutana kila Jumapili kwa miezi mitatu. Wameandika ahadi kwenye daftari, wamezifuatilia kwa simu, wamebishana na mpishi kuhusu bei ya sahani. Hawalipwi. Picha hiyo ndiyo shukrani yao.

Miaka kadhaa iliyopita, kwenye ukumbi mmoja wa Sinza, Dar es Salaam, niliipiga picha hiyo kwa lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.2. Tundu ndilo linaloingiza mwanga, na namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Nilikuwa nimeikodi kwa siku moja, na nilikuwa na hamu nayo kuliko nilivyokuwa na hamu na harusi yenyewe. Nilifungua tundu lote. Fleshi niliiacha kwenye begi, kwa sababu niliamini kwamba mwenye lenzi ile hahitaji taa. Kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera kila kitu kilionekana kiko sawa. Usiku wa manane, kwenye kompyuta, nikaikuza. Safu ya mbele ilikuwa kali, nyuzi za shela zinahesabika. Safu ya pili ilikuwa imelainika kama imepakwa mafuta. Safu ya tatu ilikuwa na vichwa sita na miwani miwili, na hapakuwa na jicho hata moja.

Baadaye nilikaa nikapiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga kabla. Nilisimama mita nne na nusu kutoka safu ya mbele. Kwa lenzi ya milimita 50 kwenye kamera yenye sensa kubwa (kile kipande kinachopokea mwanga), tundu likiwa f/1.2, kina cha fokasi, yaani eneo ambalo vitu hutoka vikali, pale ni sentimita 58 hivi, nusu yake mbele ya mtu uliyemlenga na nusu nyuma yake. Safu zangu tatu zilichukua karibu mita moja na nusu. Ningefunga tundu hadi f/5.6 na kuwasha fleshi ningepata kina cha karibu mita tatu, na kamati nzima ingeingia na nafasi ikabaki.

Nasimulia haya kwa sababu vijana ninaofanya nao kazi huniuliza swali moja karibu kila mwezi: "Kaka, nikiuza kamera ya pili nikaongezea akiba, nichukue ile f/1.2?" Nimekuwa nikiwajibu kwa kifupi. Leo nataka kujibu kwa kirefu, maana wanaouliza wanakwenda kukopa, na mkopo huo unalipwa kwa harusi za miezi mingi.

Namba ya f si fumbo. Chukua urefu wa fokasi wa lenzi, ile namba ya milimita, ugawanye kwa upana wa tundu unaloliona ukiitazama lenzi kwa mbele. Milimita 50 yenye f/1.8 ina tundu la milimita 28 hivi. Milimita 50 yenye f/1.2 ina tundu la milimita 42 hivi. Mwanga hupita kwenye eneo zima la duara, kwa hiyo hiyo ya pili inaingiza mwanga mara 2.25 ya ile ya kwanza. Ukisikia hivyo unaona ni mwingi mno. Lakini iweke kwenye kamera: ni stopu moja na kidogo, na stopu moja ni mwanga mara mbili. Ni tofauti ya kupiga kwa ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ya 7200 na kupiga kwa ISO 3200. Upande wa mwanga, hakuna faida nyingine zaidi ya hiyo. Na hata hiyo huipati kwa usawa, kwa sababu tundu likiwa wazi kabisa pembe za picha hupata mwanga pungufu kuliko katikati.

Sasa angalia bei yake. Canon walipotoa RF 50mm f/1.2 mwaka 2018 waliiuza dola 2,299 za Marekani, zaidi ya shilingi milioni 5 za Tanzania kabla ya usafiri na ushuru. Miaka miwili baadaye wakatoa RF 50mm f/1.8 kwa dola 199. Bei ya ile moja inanunua hizi kumi na moja, na chenji inabaki. Ile ina vioo 15 ndani na uzito wa gramu 950. Hii ina vioo 6 na gramu 160. Nikon nao mwaka 2019 walitoa lenzi ya milimita 58 yenye f/0.95: kilo mbili, karibu dola 8,000, na fokasi unaizungusha kwa mkono. Ni kazi ya ufundi wa hali ya juu, sibishi. Vioo hivyo 15 vipo kwa sababu kadiri tundu linavyopanuka ndivyo miali ya pembeni inavyopotoka, na kuirudisha mahali pake ni kazi ngumu. Lakini ugumu wa kukitengeneza kitu haumfanyi mnunuzi akihitaji.

Wapo waliozihitaji kweli, na ni vizuri tukawakumbuka kwa heshima. Mwaka 1924 Wajerumani walitoa kamera ndogo iliyoitwa Ermanox, yenye lenzi ya f/2 iliyobuniwa na Ludwig Bertele, na baadaye f/1.8. Wakati huo mpiga picha wa ndani ya nyumba alibeba unga wa magnesiamu unaolipuka kwa mwanga na moshi. Mpiga picha Mjerumani, Erich Salomon, aliichukua Ermanox akaingia nayo kwenye vyumba vya mahakama na mikutano ya wakubwa wa Ulaya, kuanzia mwaka 1928, akiwapiga wanasiasa wanaosinzia, wanaonong'ona, wanaocheka. Alitumia sahani za kioo, moja moja, na sahani hizo zilikuwa nzito kupokea mwanga. Bila tundu lile asingepata kitu. Salomon alikuwa Myahudi. Aliuawa Auschwitz mwaka 1944. Picha zake zimebaki kwa sababu tundu kubwa lilimruhusu kuingia mahali ambapo mlipuko wa taa ungemfukuzisha.

Baada yake mashindano yakaendelea. Canon walifika f/0.95 mwaka 1961. Leica wakatoa Noctilux ya f/1.2 mwaka 1966. Zeiss walitengeneza lenzi chache mno za f/0.7 kwa ajili ya NASA, na mwongoza sinema Stanley Kubrick akapata tatu kati ya hizo akapigia sinema kwa mwanga wa mishumaa, sinema iliyotoka mwaka 1975. Ukizitazama hadithi hizi zote utaona kitu kimoja: tatizo lilikuwa filamu. Filamu ilikuwa nzito kuona. Kwa wengi wetu tuliojifunza kwa mikanda, ISO 400 ilikuwa ndiyo ya usiku, na ukiitafuta zaidi ya hapo ulipata chengachenga kama mchanga.

Kumbuka ukumbi wa kawaida wa harusi. Kwa ISO 400 na f/2.8, ukumbi wenye taa hafifu ulikupa kasi ya shata ya 1/15 ya sekunde. Kwa kasi hiyo hata mtu anayepumua anatikisika. Wakati huo f/1.4 ilikuwa mkombozi, kwa sababu ilikupandisha hadi 1/60. Halafu zikaja sensa. Mwaka 2007 Nikon walitoa kamera ya D3 iliyopiga ISO 6400 ikatoa picha ya kuchapishwa gazetini bila aibu, na leo kamera ya daraja la kati inafanya vizuri zaidi. Kutoka ISO 400 hadi 6400 ni stopu nne. Ukumbi uleule, f/2.8 ileile, sasa unapata 1/250, na 1/250 inamshika bibi harusi anayecheza. Sensa imetupa bure mwanga ambao wazee wetu waliununua kwa kioo. Tukisema tunaihitaji f/1.2 kwa ajili ya giza, tunajibu swali la mwaka 1966.

Tena giza la kumbi zetu si giza la mishumaa. Lina rangi. Siku hizi mpambaji anazungusha taa za LED za zambarau na bluu ukutani na jukwaani, na mapazia ya kitambaa yanafunika dari yote. Nusu ya vijicho vya sensa ya kawaida vinaona kijani, robo vinaona nyekundu, robo vinaona bluu. Ukimweka mtu mweusi mwenye ngozi nzuri ya maji ya kunde chini ya taa ya bluu tupu, ni robo tu ya sensa inayofanya kazi. Wekundu wa ngozi yake haupo kwenye mwanga unaorudi. Haupo kabisa. Fungua tundu hadi f/0.95, utaingiza bluu nyingi zaidi, na uso utabaki bonge la bluu lisilo na mashavu. Hakuna kioo kinachoweza kuleta rangi ambayo taa haikuitoa.

Kinachoileta ni taa yako mwenyewe. Na hapo pia kuna ujuzi wa ukumbini: ukiielekeza fleshi juu kwenye pazia la zambarau, itarudi ikiwa zambarau. Inabidi itoke kwenye kamera, isimame kwenye stendi pembeni ya jukwaa, juu ya usawa wa vichwa, ikiwa na kitambaa cheupe mbele yake, nguvu yake ndogo, 1/16 hivi. Kwa nguvu hiyo mwako wake ni wa sehemu ya elfu kadhaa ya sekunde, kwa hiyo jasho linalodondoka kwa mcheza singeli linaganda hewani. Ya pili isimame upande wa pili, nyuma kidogo, ichore mstari wa mwanga begani na kwenye kilemba. Ngozi nyeusi inapendeza kwa mwanga unaotoka pembeni. Inang'aa mahali panapostahili kung'aa, na umbo la uso linajitokeza. Nimeona picha nyingi mno za f/1.2 zilizopigwa chini ya taa ya dari tupu, macho yamezama kwenye vivuli viwili, na nyuma mipira ya mwanga inang'aa vizuri. Mipira imepigwa picha. Bibi harusi hajapigwa.

Mpiga picha mwenzangu atasema: mimi naitaka kwa ukungu, wala si kwa mwanga. Nashukuru kwa ukweli huo, kwa sababu hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Ukungu wa nyuma una jina lake, boke, neno la Kijapani ambalo jarida moja la Marekani lilianza kulitia herufi h mwishoni mwaka 1997, na tangu hapo likasambaa. Ukungu mzuri una kazi yake. Unaondoa ndoo ya plastiki iliyosahauliwa kwenye kona, unatenga uso na msongamano. Nautumia. Lakini f/1.8 au f/2 inauleta kwa wingi wa kutosha, na zaidi ya hapo ukungu unaacha kuondoa uchafu, unaanza kuondoa watu.

Chukua milimita 85, lenzi ya sura. Simama mita moja na nusu kutoka kwa bibi harusi, fungua f/1.2. Kina chako cha fokasi ni sentimita mbili. Sentimita mbili ni unene wa kidole gumba. Akigeuza kichwa kidogo, jicho la karibu ni kali na la mbali limefifia. Mwezi mmoja Tanga nilimpiga bibi harusi aliyeshika shavu kwa mkono. Aliyempaka hina alikaa naye tangu asubuhi, ua kwa ua, hadi kwenye ncha za vidole, na juu yake akapitisha piko. Picha ya kwanza niliipiga f/1.2: kope zake zilikuwa kama sindano, na ile hina ilikuwa doa la kahawia. Mama yake alikuwa amesimama nyuma yangu akitazama kioo cha kamera. "Mwanangu," akaniambia, "mkono mbona hauonekani?" Nikafunga hadi f/4, kina kikafika sentimita saba, nikamwomba bibi harusi ausogeze mkono karibu zaidi na shavu. Ua moja lilikuwa na jina la mume limefichwa ndani ya majani yake. Likasomeka.

Halafu ngoma inapoanza mambo yanakuwa mabaya zaidi. Mita tatu kutoka kwa mtu, milimita 85 kwa f/1.2 inakupa sentimita tisa hivi. Bibi harusi anayeingia ukumbini kwa kucheza anakuja mbele, anarudi, anainama, anakuja tena. Hatua yake moja ya kucheza inazidi sentimita tisa. Ni kweli kamera za sasa zinalifuata jicho la mtu, na zinalifuata vizuri. Lakini zinalifuata jicho moja la mtu mmoja. Nyuma yake yupo mama mzazi anayetembea na kanga kiunoni, wapo mashangazi wanaopiga vigelegele, yupo mtoto wa miaka mitano aliyebeba pete na kuinua shingo kuhakikisha anatazamwa. Familia imelipia wote.

Nadhani hapa ndipo mafundisho tunayoyapata mtandaoni yanatupoteza. Mengi yanatoka kwenye nchi ambako harusi ni ya watu hamsini, na picha inayouzwa ni ya wawili wakiwa peke yao kwenye bustani wakati wa jua kuzama. Kwa kazi hiyo, kumfuta kila mwingine ni sawa, hayupo. Harusi yetu ni ya koo mbili. Sendofu ni ya ukoo unaomtoa binti. Mtu akija kutunza anakuja akicheza na kundi lake zima, na mwaka mmoja baadaye kundi hilo litaifungua albamu kujitafuta. Mandhari ya nyuma kwenye picha zetu ndiyo sehemu kubwa ya habari.

Wapiga picha wakubwa wa bara hili walilijua hilo. Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, akapiga kwa mwanga wa jua uani, na nyuma ya wateja wake akatundika kitambaa cha maua. Cha kwanza kilikuwa shuka la kitandani kwake. Maua ya kitambaa yanakutana na maua ya gauni, yote makali, na macho yako hayachoki kuzunguka. Aliweka redio, saa, pikipiki ya Vespa, ili mtu aonekane pamoja na anachokitamani. Hapa kwetu, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Zanzibar mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Ukisimama mbele ya picha zilizotundikwa pale Mji Mkongwe, sikiliza watu wanasema nini. Wanaonyesha kwa kidole duka lililokuwa nyuma, gari lililoegeshwa, kofia aliyovaa mpita njia. Mzee mmoja nilimsikia akimweleza mjukuu wake habari za barabara nzima kutokana na kipande cha kibaraza kwenye kona ya picha. Kibaraza hicho kingepigwa kwa f/1.2 kingekuwa rangi ya krimu na basi.

Na Marekani kwenyewe, mwaka 1932, Ansel Adams, Edward Weston, Imogen Cunningham na wenzao waliunda kundi wakaliita f/64, jina la tundu dogo kabisa la kamera zao kubwa. Walikuwa wamechoshwa na picha laini zilizofanana na michoro, wakataka kila jani lionekane. Upepo huvuma huku na kule. Sina hakika kwamba wa sasa utadumu, hasa kwa kuwa ukungu umeshuka bei. Tangu iPhone 7 Plus ya mwaka 2016 simu zimekuwa zikiutengeneza kwa hesabu, na leo simu za bei nafuu zinazouzwa Kariakoo zinao. Zinakosea kwenye nywele na ukingo wa miwani, lakini mteja wako hatazami huko. Kama kinachokutenganisha na mgeni mwalikwa mwenye simu ni ukungu wa nyuma, umesimama mahali pabaya. Simu ya mgeni haiwezi kusimamisha taa mbili kwenye stendi, wala haiwezi kumpanga shangazi mbele ya mwanga wa dirisha.

Sasa niseme wapi nazikubali, maana zipo mahali pake. Kanisani, pale padri anapokataza fleshi wakati wa kiapo. Msikitini, wakati wa nikaha, ambapo mwako wa taa ni utovu wa adabu hata kama hakuna aliyekukataza. Wodini, mtoto akiwa na saa chache tangu azaliwe. Kwenye msiba, usiku wa kwanza, ukiwa umeombwa. Hapo nataka mwanga bila kuwasha kitu, na tundu kubwa ni msaada wa kweli, kama lilivyokuwa kwa Salomon.

Lakini hata hapo chagua lenzi fupi. Hili halisemwi vya kutosha. Milimita 35 kwa f/1.4, mita tatu kutoka kwa watu, inakupa kina cha karibu sentimita 60. Milimita 85 kwa f/1.4, umbali huohuo, inakupa sentimita kumi. Kwa f ileile, mwanga unaomwagika kwenye sensa ni uleule. Kwa lenzi fupi unamwona padri, maharusi na mashahidi wote, na hujapoteza mwanga. Kama nina ruhusa ya kununua lenzi moja tu ya bei kubwa yenye tundu kubwa maishani, ni hiyo ya milimita 35. Wanaopiga nyota nao wana haki yao kamili: dunia inazunguka, ukiacha shata wazi kwa muda mrefu nyota zinakuwa mistari, na kwa kuwa fokasi yao iko mbali kusiko na mwisho, kina kidogo hakiwasumbui. Mwenye kupanda na milimita 20 ya f/1.8 au 24 ya f/1.4 kupiga anga juu ya Kilimanjaro hajapoteza fedha.

Na sisemi mtu abaki na lenzi ya zumu iliyokuja na kamera. Ile inayofunga hadi f/5.6 ukivuta ni ngumu kwa kazi za usiku, na kijana mwenye kamera ya sensa ndogo anaumia zaidi. Kwake yeye, milimita 50 ya f/1.8, mpya au iliyotumika, ni badiliko kubwa kuliko kamera mpya. Ukitoka f/5.6 hadi f/1.8 umepata zaidi ya stopu tatu, karibu mara kumi ya mwanga, kwa bei ya nusu milioni au pungufu ukipata iliyotumika. Hakuna ununuzi mwingine kwenye kazi hii unaolipa hivyo. Kutoka hapo hadi f/1.2 unalipa mara kumi zaidi kwa stopu moja na kidogo. Mlima huo hauna kilele upande wa pili.

Nikimpigia kijana hesabu, ile milioni tano naigawa hivi. Lenzi mbili za f/1.8, ya 35 na ya 50 au 85. Fleshi mbili za Godox na kirusha mawimbi chake, stendi mbili, miavuli miwili meupe. Betri za kutosha usiku mzima. Kadi za ziada. Na kamera ya pili, ile aliyokuwa anataka kuiuza, abaki nayo, kwa sababu siku kamera moja inazima katikati ya kukata keki, mwenye harusi hatakuuliza lenzi yako ilikuwa f ngapi.

Ile picha ya Sinza nilimpelekea mwenyekiti mwenyewe, mkononi. Sikutaka aione kwanza kwenye albamu. Aliitazama muda mrefu, akaiweka mezani, akasema kwa upole, "Sasa mhazini wetu yuko wapi hapa?" Nikamwonyesha kichwa cha tatu kutoka kushoto. Wiki tatu baadaye kamati ilikutana kwenye ua wa baa moja kwa ajili ya kuvunja kamati, wakala nyama, wakafunga mahesabu. Nilikwenda kwa gharama zangu na fleshi mbili. Niliwapanga safu tatu vilevile, viti vya plastiki badala ya vile vya ukumbini, nikafunga tundu hadi f/8. Mwenyekiti alikuja na suti ileile ya siku ya harusi. Kila jicho lilikuwepo, isipokuwa mhazini, ambaye alikuwa amehamishiwa kikazi Mwanza siku nne kabla.

Kwenye albamu yao picha hizo mbili zimebandikwa ukurasa mmoja, moja juu ya nyingine.